Mpigaji wa Besiboli Hufunzwa Macho Kabla ya Mikono

Mwaka 2004, katika mechi ya maonyesho huko California, wapigaji watatu wenye sifa kubwa katika besiboli walisimama kwa zamu mbele ya mrushaji wa softiboli aitwaye Jennie Finch. Albert Pujols, Mike Piazza na Brian Giles walikuwa wakilipwa mamilioni ya dola kwa kazi moja: kupiga mpira unaokuja kwa kasi. Finch aliwatoa wote watatu kwa straiki, yaani kila mmoja alifikisha straiki tatu, mipira mizuri aliyoikosa, akapoteza zamu yake.

Ukiangalia hesabu peke yake, jambo hilo halieleweki. Finch alirusha kwa kasi ya chini kuliko waliyoizoea, na mpira wa softiboli ni mkubwa kuliko wa besiboli. Ni kweli kwamba alisimama karibu zaidi, kwani softiboli huchezwa kwa mita 13.1 na besiboli kwa mita 18.44. Lakini ukigawanya umbali kwa kasi, unapata muda unaokaribiana sana, takriban sekunde 0.4 tangu mpira utoke mkononi hadi umfikie mpigaji. Muda ni ule ule, mpira ni mkubwa zaidi, na bado magongo yalipita hewani.

Walichokosa ni kusoma. Mrushaji wa besiboli hurusha mkono ukitokea juu ya bega, na mtu kama Pujols ameona mirusho hiyo maelfu kwa maelfu tangu utotoni. Jicho lake limeshajifunza kwamba bega likikaa hivi na kifundo cha mkono kikigeuka vile, mpira utaelekea mahali fulani. Finch hurusha kutoka chini, mkono ukizunguka kando ya nyonga. Alama zote Pujols alizozitegemea ziliondolewa, akabaki na wepesi wa mwili tu, na wepesi peke yake hautoshi.

Kisa hicho kinagusa moja kwa moja namna tunavyowafundisha vijana wa Nairobi. Ninapotazama mazoezi yetu ya besiboli na softiboli, naona sehemu kubwa ya muda ikienda kwenye mkono: shika gongo hivi, inua kiwiko, zungusha kwa nguvu. Hayo yana nafasi yake. Lakini mpigaji hushinda au hushindwa kabla gongo halijaanza kusogea, pale anapoutambua mpira na kuamua kama ni wake. Kama ni hivyo, mazoezi lazima yalenge kuona na kuamua, na maandalizi ya akili hayawezi kuwa hotuba ya dakika mbili kabla ya mechi.

Tuigawe hiyo sekunde 0.4. Mpira wa kilomita 145 kwa saa husafiri takriban mita 40 kila sekunde. Mpigaji mzuri huchukua kama sekunde 0.15 kulizungusha gongo kutoka begani hadi likutane na mpira. Kutoka jicho kuona kitu hadi misuli kuitika, mwanadamu huchukua karibu sekunde 0.2. Jumlisha hizo mbili uone kinachobaki cha kufikiria. Ndiyo maana hakuna anayeweza kungoja aone mpira unaishia wapi ndipo aamue. Anaukadiria kutokana na mwanzo wa safari yake, na ukifika nusu ya njia uamuzi uwe umeshapita. Akichelewa kwa sekunde 0.01 tu, mpira umeshasogea sentimita 40. Kijana anayekutana na mpira wa kilomita 100 kwa saa ana nafuu, kama sekunde 0.6, na nafuu hiyo ndiyo fursa ya kujenga tabia njema kabla kasi haijaongezeka.

Watoto wa mitaa yetu wana ujuzi huu tayari, ila hakuna aliyewaambia kuwa unahusika na besiboli. Ukicheza kati, unasimama baina ya warushaji wawili wanaotaka kukugonga na mpira wa soksi au wa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba. Hakuna msichana wa Umoja au Kayole aliyedumu katikati kwa kungoja mpira umfikie ndipo aruke. Anamsoma mrushaji: bega limeinama upande gani, macho yanatazama wapi, anatishia au anarusha kweli. Mwili wake unaanza kukwepa mpira ukiwa bado mkononi mwa mwenzake. Mpigaji wa besiboli anahitaji usomaji huo huo, tofauti ni kwamba yeye anaufuata mpira badala ya kuukimbia.

Kuna agizo ambalo kila kocha hulitoa: tazama mpira hadi uguse gongo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Bahill na LaRitz, walichapisha vipimo vya macho ya wapigaji na kuonyesha kwamba jambo hilo haliwezekani kimwili. Hata mchezaji wa kulipwa waliyempima aliweza kuufuata mpira hadi ulipokuwa kama mita 1.7 kutoka kwenye pleti, bamba la chini ambalo mpigaji husimama kando yake, kisha ukalizidi jicho lake kasi. Mita za mwisho mpigaji hupiga kwa makadirio. Agizo lenyewe bado lina faida, kwa sababu anayejaribu kuutazama mpira hadi mwisho hutuliza kichwa, na kichwa kilichotulia ndicho kinachofanya makadirio yawe sahihi. Lakini kocha anayemgombeza mtoto kwamba “hukuangalia mpira” kila anapokosa anamlaumu kwa jambo ambalo hata bingwa hawezi. Mara nyingi mtoto aliutazama sana, ila alianza kuutazama akiwa amechelewa.

Kwa hiyo jicho lielekezwe wapi? Mrushaji anapojiandaa, tulia na umtazame kwa jumla, kwenye kofia au kifua, bila kukaza macho. Mkono wake unapopanda, hamisha macho mara moja hadi kwenye kidirisha kidogo kando ya kichwa chake, mahali mpira utakapotokea. Huko ndiko habari ziliko. Mpira wa kasi hutoka vidoleni ukielekea mbele moja kwa moja. Mpira wa mkunjo mara nyingi huonekana kupanda kidogo ukitoka mkononi kabla ya kuanza kuzama. Mishono ya mpira, ambayo ni 108 ya uzi mwekundu, huonekana tofauti kulingana na namna unavyozunguka, na wapigaji waliobobea hutumia hilo pia. Anayeanza asijali mishono. Ajue kwanza mahali pa kutokea.

Zoezi la kwanza ninalolithamini kuliko mengine yote halina hata pigo moja. Mrushaji anarusha kwa mdakaji kama kawaida, naye mpigaji anasimama mahali pake, kofia ngumu kichwani, gongo begani, na haruhusiwi kulizungusha. Kazi yake ni kutamka “ndiyo” au “hapana” kabla mpira haujaingia kwenye glavu ya mdakaji. Ndiyo ikiwa unapita katika eneo la straiki, yaani juu ya pleti yenye upana wa sentimita 43, kati ya chini ya goti na karibu na katikati ya kifua. Jumamosi moja kwenye uwanja wa shule huku Eastlands nilimtazama kijana mrefu, mwenye nguvu za kuupiga mpira hadi barabarani, akifanya zoezi hili kwa mara ya kwanza. Mipira ya mwanzo alitamka “ndiyo” kwa karibu kila kitu, hata ile iliyotua kwenye vumbi. Mingine alitamka glavu ikiwa imeshalia.

“Kocha, naiona vizuri lakini mdomo unachelewa,” akasema.

“Mdomo hauna shida, kijana. Unangoja uhakika. Hapa hakuna uhakika, sema unachokiona mapema.”

Baada ya muda sauti yake ikaanza kutangulia glavu, na zile “hapana” zikaongezeka. Kocha akamruhusu kupiga. Hakuongezewa neno lolote kuhusu mikono au miguu, lakini aliiacha mipira mibaya ipite, na ile aliyoichagua aliigonga katikati kabisa ya gongo.

Simu ya kawaida inaweza kuendeleza kazi hiyo nyumbani. Mrekodi mrushaji wa timu yako akiwa anafanya mazoezi, simu ikiwa imewekwa nyuma ya wavu pale anaposimama mdakaji. Kisha icheze video na kuisimamisha mara tu mpira unapotoka mkononi, na ubashiri: ni wa kasi au wa mkunjo, utaishia juu au chini, ndani au nje? Endelea kuicheza uone. Mbinu hii ya kukata picha mapema imetumiwa na watafiti na timu za Marekani kufundisha usomaji wa mirusho. Unaweza kuifanya ukiwa umekaa kwenye matatu ya Thika Road foleni ikiwa imekwama.

Halafu kuna vifuniko vya soda. Katika Jamhuri ya Dominika, nchi inayotoa wachezaji wengi sana wa ligi kuu ya Marekani, watoto hucheza barabarani kwa mti wa fagio na vifuniko vya chupa za maji. Kifuniko hupepea, hushuka ghafla, hukwepa, na mti wa fagio ni mwembamba. Anayezoea kukigonga kifuniko hujifunza kuchelewesha uamuzi hadi dakika ya mwisho inayofaa na kuuleta mti mahali sahihi. Nairobi haina uhaba wa vifuniko wala mifagio, na zoezi hili halihitaji uwanja. Ua wa ploti unatosha, mradi madirisha yawe mbali.

Jambo jingine linalobadilisha mpigaji ni mpangilio wa mazoezi yenyewe, na hapa wengi wetu hukosea kwa nia njema. Kocha humrushia mtoto mipira 20 ya kasi ile ile, mahali pale pale, na mtoto huipiga vizuri zaidi na zaidi. Kila mtu anafurahi. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti uliofanywa na wachezaji wa chuo huko California. Kwa wiki 6, mara mbili kwa wiki, makundi mawili yalipewa mipira ya ziada 45 kila safari: 15 ya kasi, 15 ya mkunjo na 15 ya polepole ya hila. Kundi moja lilipewa kila aina kwa mkupuo, jingine likapewa aina zote zikiwa zimechanganywa bila kujua itakayofuata. Mwishoni, kundi la mchanganyiko lilikuwa limeboreka zaidi ya mara mbili ya lile la mkupuo.

Sababu inaeleweka. Ukijua kinachokuja, unafanya mazoezi ya kuzungusha gongo tu. Sehemu ya kutambua na kuamua imelala. Mechi haina mipira 20 inayofanana. Shida ni kwamba mazoezi ya mchanganyiko huonekana mabaya yanapofanyika. Mtoto anakosa mara nyingi, mzazi aliyesimama kando anaona mwanawe amerudi nyuma, kocha anaingiwa na shaka na kurudia mkupuo. Nawaomba makocha wavumilie. Waanze kwa mkupuo siku chache ili anayejifunza apate umbo la pigo, kisha wachanganye. Hata bila mrushaji mahiri inawezekana: rusha kutoka mita 7 au 8, nyuma ya wavu wa kukukinga, ukibadilisha kasi na urefu kila mara.

Sasa mwili, maana mtu anayeona vizuri bado anahitaji kuufikisha ujumbe. Nguvu ya pigo hutoka chini kwenda juu. Uzito hukaa kwanza mguu wa nyuma, mguu wa mbele unakanyaga taratibu, nyonga zinafunguka, kifua kinafuata, na mikono huja mwisho ikivuta gongo. Ukianza na mikono umetupa nguvu za sehemu kubwa zaidi ya mwili wako. Gongo lishikwe vidoleni, lisizame kiganjani, na mabega yasikakamae. Kwa kuwa mpira hushuka kidogo unapofika, gongo linalopanda kidogo hukaa kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi kuliko gongo linalokatwa kwenda chini kama shoka. Ted Williams, mpigaji wa Boston ambaye mwaka 1941 alifikisha wastani wa .406, yaani mapigo safi 406 kwa kila mara 1,000 za kuhesabiwa, aliisisitiza hoja hii. Tangu mwaka huo hakuna aliyefikisha .400 kwa msimu mzima katika ligi kuu mbili za sasa.

Waliotoka kwenye kriketi, na Nairobi inao wengi, wana jambo la kuzoea. Kwenye kriketi unaweza kuupeleka mpira hata nyuma yako, na gongo mara nyingi huja likiwa wima. Besiboli inakudai uupige mpira ndani ya pembe ya nyuzi 90 iliyo mbele yako, kwa gongo la mviringo ambalo unene wake hauruhusiwi kuzidi sentimita 6.6. Macho yao huwa mazuri sana, na ndiyo maana napenda kuwaona wakijaribu.

Lakini tusigeuze umbo kuwa ibada. Hank Aaron, aliyemaliza na homurani 755 (mapigo yanayompa mpigaji mzunguko mzima wa uwanja), aliingia kwenye besiboli ya kulipwa akishika gongo mikono ikiwa imepishana kinyume, kwa sababu hakuna aliyemrekebisha utotoni. Alirekebishwa, naam, lakini jicho lililomfikisha hapo alikuja nalo mwenyewe.

Mambo mawili ya vifaa. Kuna chuma cha mviringo ambacho wapigaji hukivisha kwenye gongo wanapongoja zamu, ili likija kuvuliwa lionekane jepesi. Vipimo vimeonyesha kwamba gongo huonekana jepesi kweli, ila kasi yake haiongezeki, na mizunguko ya kwanza inaweza hata kupungua kasi. Afadhali uzungushe gongo lako la kawaida. La pili ni macho yenyewe. Katika miaka ya 1990, wachezaji wa kulipwa waliopimwa Marekani walionekana kwa wastani kuweza kusoma kutoka mita 6 kile ambacho mtu wa kawaida hukisoma kutoka kama mita 4. Mtoto anayekosa mipira kila siku huenda anahitaji miwani kuliko anavyohitaji kocha mpya. Apelekwe kupimwa kabla hajaambiwa hana kipaji.

Tukija kwenye akili, nianze na woga, kwa sababu hauzungumzwi. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Mtoto anayeogopa kugongwa husogeza mguu wa mbele mbali na pleti kila mpira unapokuja, na kwa mguu huo hawezi kuufikia mpira wa upande wa nje hata siku moja. Kumwambia “usiogope” hakumsaidii, maana woga wake una sababu. Mpe kofia ngumu, bila hiyo asisimame mbele ya mpira mgumu kwa vyovyote vile. Kisha mfundishe kugongwa: kugeuza bega la mbele kuelekea nyuma, kuinamisha kidevu, kuuacha mpira umpate mgongoni au kwenye paja. Fanyeni hivyo kwa mipira ya tenisi hadi acheke. Akishajua mwili wake utafanya nini, akili inapata nafasi ya kuutazama mpira.

Baada ya woga unakuja mpango, na hapa Williams ana la kutufunza tena. Aliligawa eneo la straiki katika viduara vya ukubwa wa mpira, akakadiria wastani wake katika kila kimoja. Katikati alijiona mpigaji wa .400, kwenye kona ya chini upande wa nje alijipa .230. Mtu yule yule, mkono ule ule, tofauti ni mpira aliouchagua. Ndiyo maana mpigaji hapaswi kuingia na wazo la kupiga straiki yoyote. Aingie akiwa na eneo moja na kasi moja kichwani: nautaka mpira wa kasi, kuanzia katikati hadi upande wa ndani, urefu wa kiunoni. Ukija huo, gongo linaondoka. Usipokuja, hata kama ni straiki, unauacha. Kusubiri kitu kimoja hupunguza kazi ya ubongo, na tumeshaona muda wenyewe ulivyo mfinyu.

Mpango hubadilika kadiri hesabu ya mipira mibaya na straiki inavyokwenda. Mrushaji akiwa amerusha mipira mibaya 2 na straiki hakuna, analazimika kuuleta mpira mzuri, hivyo punguza eneo lako liwe dogo kama sinia na uupige kwa nguvu zote. Ukiwa na straiki 2 mambo yamegeuka. Wapigaji wa ligi kuu ya Marekani wakifika hapo wastani wao huanguka chini ya .200, wakati wastani wa jumla wa ligi hiyo mwaka 2024 ulikuwa .243. Sasa panua eneo, shika gongo juu kidogo, fupisha hatua, na uharibu mipira migumu kwa kuigusa itoke nje hadi upate unaofaa. Kijana anayeelewa hesabu hii huacha kuona kila straiki kama aibu, kwa sababu anajua ni mpango gani unaofuata.

Kuhusu kinachopaswa kuwa kichwani mpira ukiwa njiani, mtafiti Rob Gray alichapisha mwaka 2004 jambo ambalo kila kocha anayepiga kelele akiwa kando ya uwanja anapaswa kulijua. Wapigaji wazoefu walipotakiwa kuzingatia mwenendo wa gongo lao wakati wa kupiga, walipiga vibaya zaidi. Waliokuwa wakianza hawakudhurika hivyo. Maana yake, “kiwiko juu, nyonga, mguu!” ni maneno ya mazoezini. Mchezaji aliyeshajifunza akishasimama kwenye pleti, aelekeze fikira nje ya mwili wake, kwa mpira. Neno moja fupi linatosha: “uone mapema”.

Kati ya mpira mmoja na mwingine kuna sekunde kadhaa, na hizo ndizo mahali pa kufanyia kazi ya moyo. Evan Longoria wa Tampa Bay alikuwa na desturi ya kuutazama mlingoti ulio mwisho wa uwanja upande wa kushoto pale mambo yalipomwendea vibaya, ili kujirudisha kwenye mchezo. Kwenye viwanja vyetu chagua chochote kisichosogea: goli, mti, tangi la maji. Toka nje ya kisanduku cha mpigaji, tazama pale, vuta pumzi, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kumbuka mpango, rudi. Fanya vivyo hivyo mazoezini kila mara. Desturi inayotolewa siku ya fainali peke yake haina nguvu.

Kukosa ni sehemu ya kazi hii kuliko michezo mingi. Mwaka 2024 takwimu za ligi za Wamarekani weusi zilipoingizwa kwenye kumbukumbu rasmi, Josh Gibson alishika nafasi ya juu kabisa kwa wastani wa maisha wa .372. Ina maana kwamba hata huyo, katika kila mara 10 za kuhesabiwa, alikosa zaidi ya 6. Mtoto anayepimwa kwa mapigo peke yake atakata tamaa kabla hajajifunza. Pia matokeo yanadanganya: unaweza kuugonga mpira kwa ukali ukaishia kwenye glavu ya mtu, au ukauchuna vibaya ukaanguka mahali wazi. Weka daftari. Baada ya kila zamu andika kama ulipiga mpira uliokuwa wako, kama uliuacha usiokuwa wako, na kama uliugonga kwa ukali. Katika wiki za ukame daftari hilo litakuonyesha kama kweli umeharibika au bahati tu imekukalia vibaya, na hizo ni hali mbili zinazohitaji tiba tofauti. Ya kwanza ni kurudi kwenye “ndiyo” na “hapana”. Ya pili ni kutobadilisha chochote.

Kama kuna anayedhani haya ni ya Wamarekani na Wajapani tu, vijana wa Lugazi, Uganda, walifika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, na mara yake ya kwanza kusimama kwenye pleti alipata pigo safi. Besiboli na softiboli zinarudi Olimpiki Los Angeles 2028.

Nairobi nayo ina tabia yake ambayo wapigaji wetu lazima waijue. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, juu kidogo kuliko Denver, mji unaojulikana Marekani kwa mipira inayoruka mbali kupita kiasi, hadi tangu 2002 wakalazimika kuihifadhi kwenye chumba chenye unyevu. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Mpira uliopigwa husafiri mbali zaidi, jambo linalofurahisha. Lakini mpira uliorushwa pia hubadilika, kwa sababu mkunjo wake hutegemea hewa inayosuguana na mzunguko. Hapa mkunjo huwa mpole, na mpira wa kasi hauelei juu sana.

Jicho lililolelewa Nairobi limezoea njia hizo. Likiteremka Mombasa au Dar es Salaam, mpira wa kasi utafika juu kuliko linavyotarajia na gongo litapita chini yake. Mpira wa mkunjo utazama zaidi na gongo litapita juu. Mpigaji atadhani ameharibika, kocha ataanza kumrekebisha kiwiko, na kumbe hakuna kilichoharibika. Timu inayosafiri ifike siku mbili tatu mapema ikiwezekana. Mazoezi ya kwanza huko chini yasiwe ya kupiga. Warushaji wenu wenyewe, ambao wapigaji wanawajua tangu nyumbani, wapande kwenye kilima kidogo cha mrushaji uwanjani warushe kila walicho nacho, na kila mpigaji asimame na gongo begani, atazame mipira 30 au 40, akitamka mapema na kusikiliza glavu inalilia wapi.